Pesa zinahesabika au hazihesabiki?

Najua nimepotea, TP imenibana kwelikweli.

Juzi Jumanne nilikuwa kidato cha kwanza, mada many na much. Mhadhiri aliyekuja kunikagua kakaa nyuma na karatasi yake ya alama. Nikaanza kwa mbwembwe: vinavyohesabika vinakwenda na many na few, visivyohesabika much na little. Many books, few chairs, much water, little sugar. Nikaongeza how much money. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Dogo mmoja akanyoosha mkono. "Madam, mbona pesa zinahesabika? Baba anazihesabu kila jioni akifunga duka."

Darasa zima kicheko. Na mimi, mwalimu mtarajiwa, nikajibu: "Kiingereza ndivyo kilivyo, kariri tu." Dogo akakaa, kanywea. Mhadhiri akaandika kitu. Duh.

Jioni geto, mimi nachambua maharage, mwenzangu anapeta mchele, ndipo jibu likanijia. Mchele una punje, ukikosa kazi unaweza kuzihesabu. Lakini nani anasema "michele miwili"? Tunasema mchele mwingi, kilo mbili za mchele, ila maharage mengi. Waingereza nao hivyo hivyo: much rice, many beans. Kumbe siyo suala la kuweza kuhesabu, ni jinsi lugha inavyokichukulia kitu. Tena baba yake dogo hahesabu money, anahesabu shilingi! How many shillings, how much money.

Kinachotuponza ni hii -ingi yetu, inafuata ngeli tu. Maji mengi, habari nyingi, fenicha nyingi, zote zina sura ya wingi, basi mtu anateremsha many informations, many furnitures bila wasiwasi. Na mkate je? Sisi mikate miwili, wao two loaves of bread. (Mwaka wa kwanza niliandika advices kwenye mtihani, msinicheke.)

Kesho nina kipindi tena na darasa lile. Naingia na kibaba cha mchele na noti mbili tatu, yule dogo asimame ahesabu mbele ya wenzake. Ila kwanza nimwombe radhi, swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu.

Mhadhiri hatakuwepo, alishaondoka na alama zake.