Kutembea na Kamera Katika Milima Yetu

Watu wengi hudhani ya kuwa sharti mtu asafiri mbali ndipo aone jambo la kupiga picha. Mlima Kilimanjaro hupigwa picha kila siku, na nyama wa Serengeti vivyo hivyo. Bali kijito tunachochota maji hakuna akitazamaye mara mbili. Mimi ni mwalimu huku Zirai, katika Usambara ya Mashariki, na desturi yangu siku za Jumamosi ni kutembea kwa miguu na kupiga picha za vilima, misitu na maji ya hapa karibu. Napenda kuwaeleza wasomaji faida niliyoipata.

Kamera yangu ni ya simu tu. Kanuni yangu ni kusimama mahali pale pale kila mwezi, juu ya jiwe lile lile karibu na kivuko, na kutazama upande ule ule. Picha moja ya mto ni pambo. Picha kumi na mbili ni ushahidi. Tena huteka maji katika chupa ya kioo nikayapiga picha nayo. Palipo na msitu mzima, hata mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi waweza kuona changarawe chini ya maji. Palipolimwa mpaka ukingoni, maji huwa mekundu. Sababu yake si siri: majani huvunja nguvu za mvua, na mizizi huushika udongo, nao hunywa maji na kuyatoa polepole hata kiangazi.

Kutazama kwa makini kuna heshima yake. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea mdogo wa huku, wenye maua ya zambarau. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akauita Saintpaulia, na leo huwekwa madirishani mwa nyumba duniani kote. Huku kwetu huota juu ya miamba yenye unyevu, kivulini; miti ikikatwa, jua huukausha. Basi nikiuona hunena moyoni, hapa kivuli kingalipo.

Walakini si kila mtu hufurahi kuiona kamera. Siku moja nalikuwa nikilitazama bonde, akatokea bibi mmoja mwenye shamba la iliki. Nalimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Unampimia nani?" Nikamjibu, "Sipimi, bibi, napiga picha za maji." Akasema, "Waliopima nao walianza kwa kutazama tu."

Neno lile halikuwa la bure. Katika milima hii hii, msitu wa Derema ulipotengwa katika miaka ya 2000 ili kuunganisha misitu iliyotengana, wakulima zaidi ya 1,000 waliacha iliki zao wakalipwa fidia. Na iliki ndiyo ada ya shule, ndiyo mabati ya nyumba. Nikamwonyesha bibi picha za kivuko, za kiangazi na za masika. Akazitazama sana, kisha akanipeleka mwenyewe mahali ukingo ulipoporomoka, nisipopajua. Tangu hapo huomba ruhusa kwanza, na picha humwonyesha mwenye shamba kabla ya mtu mwingine.

Maji ya Mto Zigi hushuka mpaka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linywesha mji wa Tanga. Udongo ukichukuliwa huku juu hutulia kule chini. Nafasi ya maji hupungua, na gharama ya kuyasafisha huzidi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilikusanya shilingi zaidi ya bilioni 53 kwa hatifungani, ili kupanua kazi zake za maji. Ni jambo jema. Lakini bomba haliwezi kutoa maji ambayo mlima haukuyahifadhi. Mtu wa Tanga afunguaye bomba hamjui bibi yule, wala bibi hamjui yeye, na maji yao ni mamoja. Kwa hiyo, ikiwa mkulima wa mlimani aambiwa aache ukingo bila kuulima, ni haki anywaye maji naye achukue sehemu ya hasara ile. Kumwachia mzigo peke yake si uhifadhi, ni kumwonea.

Walimu wenzangu, nawasihi mwatoe watoto nje. Simu moja yatosha darasa zima. Wachague kivuko kimoja, wakipige picha kila mwezi, waandike tarehe na siku ilipoanguka mvua, kisha wazibandike picha ukutani kwa mfululizo. Wazazi wakija shuleni watazitazama, na mazungumzo yataanza yenyewe.