Baba, Umekufa na Bomu Mkononi



Wengi wenu mnakumbuka ile Jumapili nilipohubiri juu ya vijana na michezo ya kompyuta. Nilisema kuna kijana nyumbani kwangu mwenyewe aliyefungwa na roho ya michezo, anakesha na mashine kuliko anavyokesha na Mungu. Mlicheka, mkapiga makofi, mkasema amina. Kijana mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, karibu na spika. Yeye hakucheka.

Kwa wiki tatu baada ya ibada hiyo, maneno aliyonipa yalikuwa mawili tu: "Ndio, Baba" na "Hapana, Baba."

Lazima nikueleze pia kwamba wakati huo matokeo yake ya KCSE yalikuwa yametoka, na hayakumfikisha kwenye kozi aliyoitamani tangu akiwa mdogo. Mimi nilijua jambo hilo. Lakini nililipita haraka, nikakimbilia dhambi ninayoweza kuipigia kelele.

Ijumaa moja nilirudi kutoka kesha saa kumi alfajiri. Taa ya chumba chake ilikuwa inawaka. Niliingia nikiwa na nia moja: kuichukua ile kompyuta nikaifungie kabatini. Nikaona kwenye skrini kitu kilichonisimamisha mlangoni.

Msichana mdogo amepanda mdudu mkubwa mwenye mabawa, anaruka juu ya msitu. Mbele yake kuna dudu lingine kubwa mara kumi, na kutoka mwilini mwake zinamwagika risasi za waridi na zambarau, mamia kwa mamia, zimejipanga kama maua yanayochanua. Skrini yote imejaa. Na yule msichana anapita katikati, polepole, kama mtu anayetembea kwenye mvua asilowe.

Nikauliza, "Hii ni nini?" Akasogea kitini. "Keti ujaribu, Baba."

Mpendwa, sikumaliza dakika moja. Nilikufa. Nikajaribu tena, nikafa tena. Mchungaji aliyetoka kukemea mapepo usiku kucha ameshindwa na wadudu!

Mchezo huo unaitwa Mushihimesama. Ulitengenezwa Japani na kampuni ya Cave mwaka 2004, kwa ajili ya zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Wajapani wana jina la michezo ya namna hii: danmaku, yaani pazia la risasi. Kijana wangu alinieleza kwamba mchezo ambao wengi huutaja kuwa wa kwanza wa aina hii ni Batsugun wa mwaka 1993, wa kampuni iliyoitwa Toaplan. Mwaka uliofuata Toaplan ikafilisika. Baadhi ya wafanyakazi wake wakakusanyika wakaanzisha Cave, na mwaka 1995 wakatoa mchezo wao wa kwanza, DonPachi. Kampuni ilianguka, lakini mikono haikuanguka. Aliponiambia hayo nilimtazama usoni, nikaona kwamba hakuwa anazungumza juu ya Wajapani peke yao.

Nikamuuliza, "Unapenda nini katika kitu kigumu hivi?"

Akajibu, "Hapa nikikosea, najua ni mimi nimekosea na najua ni wapi. Naanza tena. Hakuna mtu ananicheka."

Sikuwa na mstari wa kumjibu. Nikaketi kitandani pake, naye akanifundisha mpaka kukapambazuka. Mambo matatu aliyonifundisha sijaacha kuyatafakari.

La kwanza: sehemu inayoweza kuuawa ni ndogo sana. Mimi nilidhani risasi ikigusa bawa la mdudu, nimekwisha. Kumbe sivyo. Katikati ya mwili kuna kitone kidogo tu, na ni hicho pekee kinachohesabiwa. Risasi inaweza kupita juu ya bawa, ikapita juu ya nguo, na bado uko hai. Ndiyo maana wazoefu wanapenya mahali ambapo mgeni haoni njia.

Mpendwa, ni mambo mangapi yamekugusa bawa ukadhani yamekugusa moyo? Umesemwa kwenye chama. Mwenye nyumba amekuja na barua. Umekosa kazi uliyoahidiwa. Yanauma, sikatai. Lakini Mithali 4:23 inatuelekeza tulinde moyo kuliko vyote tulivyo navyo, kwa sababu uhai unatoka humo. Usitumie nguvu zako zote kulinda mabawa.

La pili: usirukeruke. Risasi nyingi za adui hulenga mahali ulipo wakati zinapofyatuliwa. Ukisogea kidogo tu, kwa utulivu, zote zinapita kando yako kwa mstari mmoja. Ukishtuka ukakimbilia kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, umezitawanya mwenyewe, na sasa zimefunga kila njia. Mara nyingi nilikufa kwa sababu ya mbio zangu mwenyewe. "Usimwangalie yule mkubwa, Baba," aliniambia. "Angalia hapa karibu na wewe, mahali unapotaka kupita sasa."

Nikamkumbuka Petro katika Mathayo 14. Upepo ulikuwepo hata alipokuwa anatembea vizuri juu ya maji. Alianza kuzama alipougeuzia upepo macho. Nikaikumbuka na ile taa ya Zaburi 119, ambayo ni ya miguu, si ya kumulika mlima mzima. Wengine wetu tumekopa ili kulipa mkopo, tukahama kanisa ili kukimbia neno, tukahama nyumba ili kukimbia ndoa. Kila mruko umetufungia njia nyingine.

La tatu ndilo lililonivunja. Katika mchezo huo unapewa mabomu machache. Ukibonyeza, risasi zilizo mbele yako zinafutika, unapata nafasi ya kupumua. Mimi nilikufa mara ya saba, ya nane, na kijana akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. "Baba, umekufa na bomu mkononi! Wageni wote hufanya hivyo. Wanaliweka kwa ajili ya shida kubwa, na shida kubwa inafika wakiwa bado wanaliweka."

Nilinyamaza. Ni mara ngapi nimeombea nyumba za watu, na yangu sikuiombea? Nilikuwa na neno moja mkononi wakati wote, neno dogo, "nisamehe", nikaliweka wiki tatu kwa sababu mimi ni baba na mimi ni mchungaji. Waefeso 6:4 inatukataza sisi akina baba kuwachokoza watoto wetu. Nimeihubiri mara nyingi kwenye arusi.

Nikamwambia, "Nisamehe. Nilikuaibisha mbele ya watu, na nililijua donda lako." Nikataka niombe radhi pia madhabahuni, mbele ya washirika wote. Akakataa. "Usinitaje tena madhabahuni, Baba." Nimeheshimu hilo. Andiko hili amelisoma kwanza, akafuta sentensi mbili, akaniruhusu.

Sasa usiende kusema mchungaji amebariki michezo. Paulo katika 1 Wakorintho 6:12 anasema juu ya mambo yaliyo halali, lakini anakataa kutawaliwa na lolote. Kukesha mpaka alfajiri kila siku ni kutawaliwa, na hilo tumezungumza. Kompyuta sasa inazimwa saa nne usiku. Naye ameanza kutafuta kozi nyingine.

Tena maisha si mchezo. Kwenye skrini risasi zote zinaonekana, na ukifa kuna sarafu nyingine. Katika maisha kuna zinazokuja gizani, na kuna watakatifu walioomba vizuri kuliko mimi na bado zikawapata. Nimewazika. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walijua Mungu anaweza kuwaokoa, na wakasema hata asipofanya hivyo hawatainama. Imani yetu haisemi kwamba risasi hazitapiga. Inasema hatuko peke yetu katikati yake.

Mzazi, kabla hujakemea kilicho mikononi mwa mtoto wako, keti karibu naye. Uliza anapenda nini humo. Huenda jibu likawa juu yako.

Na kama kuna neno umeliweka kwa ajili ya siku kubwa, "nisamehe", "nisaidie", "Bwana, nimeshindwa", litumie leo.

Tuombe: Baba wa mbinguni, linda mioyo yetu, tuliza miguu yetu, na utufundishe kukuita kabla hatujaanguka. Rudisha mioyo ya akina baba kwa watoto wao, ukianza na mimi. Katika jina la Yesu, amina.

Usiniandikie amina hapa chini kabla hujampigia mtu huyo simu. Mpigie kwanza, kisha urudi uandike.