Mshipa Usiokuwepo Shingoni mwa Muadhini Wetu

Sisi wa kamati ya msikiti tumezoea kuhesabu vitu vinavyoonekana: mikeka, balbu, bili ya maji na michango ya Ijumaa. Mwaka uliopita tulijikuta tukihesabu mishipa ya shingo ya mtu, na hesabu yetu ikawa na kosa.

Muadhini wetu, mzee wa miaka 56, alishikwa na kizunguzungu baada ya adhana ya Alfajiri. Alipopimwa, shinikizo lake la damu lilikuwa juu, akaelekezwa kupigwa picha ya ultrasaundi ya shingo. Majibu yaliandikwa kwamba mshipa wa kushoto upelekao damu kwenye ubongo hauonekani, na huenda umeziba. Neno "huenda" hatukulisoma. Ijumaa ile ile tulisimama mbele ya waumini tukatangaza kuwa muadhini anahitaji kupasuliwa India. Machozi yalitoka, na fedha zikatoka. Adhana tukampa kijana mwingine, tukidhani tunamhurumia mzee.

Kabla ya safari, daktari bingwa wa picha aliomba kipimo kimoja zaidi, cha CT, ambacho mgonjwa hudungwa mkononi dawa ya kung'arisha mishipa. Tuliomsindikiza tulionyeshwa picha na kuelezwa kwa subira. Ubongo hupokea damu kwa mishipa mikubwa 4: karotidi za ndani 2 zipitazo mbele ya shingo, na mingine 2 ipandayo ndani ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo mishipa hiyo huungana katika duara, lenye jina la tabibu Mwingereza Thomas Willis aliyelieleza mwaka 1664. Kwa duara hilo, upande mmoja ukipungukiwa, pande nyingine huweza kuusaidia.

Kisha akatuonyesha mfupa wa chini ya fuvu. Kulia palikuwa na tundu la mviringo, mfereji ambamo karotidi hupita. Kushoto palikuwa na mfupa mtupu. Mfereji huo, alisema, hujengeka kuuzunguka mshipa mtoto angali tumboni. Mshipa ukiziba ukubwani, mfereji hubaki, mfano wa mto uliokauka. Pasipo na mfereji, mshipa haukuwahi kuwepo. Hali hii ni nadra mno, chini ya mtu 1 katika 10,000, na mara nyingi hugunduliwa mtu akipimwa jambo jingine. Basi hapakuwa na cha kuzibua. Kilichotakiwa ni kudhibiti shinikizo la damu na kurudia picha kwa vipindi, kwa kuwa mishipa inayobeba mzigo wa ziada huweza kufanya uvimbe, nao ukipasuka damu huvuja kichwani.

Tulitoka tukimshukuru Mola. Muadhini alikuwa kimya. Tulipomfikisha nyumbani akasema, "Wanangu, shingo ni yangu, lakini habari zake nilizisikia kwenye kipaza sauti, pamoja na wauza samaki."

Hatukuwa na jibu. Tulisomeshwa chuoni kuwa siri ya mtu ni amana, tena tumeisomesha wengine. Hata hivyo hakuna miongoni mwetu aliyemwomba ruhusa.

Palibaki suala la fedha. Wapo walioshauri ziingizwe katika ukarabati wa choo cha wanawake, kwani zote ni kheri. Tulikataa. Aliyetoa alinuia upasuaji. Upasuaji haupo, na nia ya mtu haihamishwi kwa kalamu ya katibu. Safari hii tulimwendea mzee kwanza, akaridhia, ndipo tukasimama Ijumaa kukiri kosa letu. Daftari likafunguliwa, kila mtoaji akachagua. Wengi waliacha fedha zao kwa ajili ya vipimo vyake vijavyo. Mama mmoja muuza maandazi alichukua shilingi 5,000 zake, akisema ndio mtaji wake. Tulimpa kwa mikono miwili.

Sasa kumbukumbu za kikao zina azimio fupi: ugonjwa wa muumini hautatangazwa ila kwa idhini yake. Muadhini, kwa ruhusa ya daktari, amerejea kwenye adhana. Kijana tuliyemweka mahali pake husimama nyuma yake, akijifunza.