Pikipiki za Magurudumu Manne katika Milima ya West Virginia

Kusini mwa jimbo la West Virginia, nchini Marekani, milima imesongamana na kufunikwa na miti tangu chini hadi juu. Mabonde yake ni membamba mno, hata mji mzima huweza kujipanga kati ya reli na mto. Mmojawapo wa miji hiyo ni Matewan, ulio ukingoni mwa mto Tug Fork. Ng'ambo ya pili ni jimbo la Kentucky. Siku za mapumziko, mgeni anayesimama katika barabara yake kuu huona msafara wa ajabu: pikipiki zenye magurudumu manne manene, zimejaa tope hadi kwenye taa, na wapandaji wake wamevaa kofia ngumu. Huegesha mbele ya duka la chakula, hujaza petroli, kisha hurudi msituni zilikotoka.

Mji huu una historia nzito kuliko ukubwa wake. Katika mabonde haya, baina ya mwaka 1878 na mwaka 1890, koo mbili, Hatfield na McCoy, ziliandamana kwa kisasi kilichoua watu wengi. Tena, tarehe 19 Mei, 1920, mkuu wa polisi wa Matewan, Sid Hatfield, alisimama upande wa wachimba makaa ya mawe dhidi ya wapelelezi waliokuja kuwatoa wafanyakazi katika nyumba za kampuni. Mapigano hayo ya risasi yaliua watu kumi, miongoni mwao meya wa mji.

Makaa hayo ndiyo yaliyojenga mabonde haya, na kupungua kwake ndiko kulikoyaacha matupu. Wilaya ya McDowell, iliyo jirani, ilikuwa na wakazi karibu 99,000 katika mwaka 1950. Hesabu ya mwaka 2020 iliwakuta 19,000 tu. Yaliyosalia ni mashimo, mapito ya magari ya migodi na njia za wakata magogo.

Mwaka 1996 Bunge la jimbo liliunda mamlaka ya kuyageuza mapito hayo kuwa njia za matembezi, kwa mapatano na makampuni yanayomiliki ardhi. Njia za kwanza zilifunguliwa mwaka 2000, zikapewa jina la koo zile mbili, Hatfield-McCoy. Leo zina urefu unaozidi kilomita 1,600. Kila mpandaji hulipia kibali. Kofia ngumu ni lazima kwa mkubwa na mdogo, pombe imekatazwa, na mtoto hana ruhusa ya kwenda peke yake bila mtu mzima anayemwona.

KUCHAGUA HUANZA NA NJIA

Watu wengi hufika huku wakiwa na swali moja: pikipiki ipi iliyo kubwa kuliko zote? Swali la kwanza lingepasa kuwa jingine: itapita wapi, na nani ataipanda?

Njia za huku zimewekewa alama za rangi. Kijani ni njia nyepesi, pana, yenye mwinuko wa kadiri. Buluu ni ya wastani. Nyeusi ina mawe makubwa, miteremko mikali na kona zinazomtaka mpandaji aliyezoea. Anayekusudia kutembea na jamaa yake katika kijani na buluu hana haja ya injini ile ile inayotafutwa na kijana anayeshindana na matope.

Boda boda nyingi za Afrika Mashariki zina injini ya sentimeta za ujazo 100 hadi 150. Pikipiki kubwa za magurudumu manne huanzia kama 500 na kufika 1,000. Polaris Sportsman 570, mathalani, huhesabiwa kuwa ya kati. Yamaha Grizzly 700 ni kubwa. Can-Am Outlander yenye injini ya 1,000 ni kubwa mno. Kwa mtu mmoja mwenye mzigo mdogo, injini ya 500 au 570 hupanda karibu kila kilima cha njia hizi. Nguvu inayozidi hapo humfaa anayevuta mzigo, anayepita kwenye tope zito, au aliye na mwili mkubwa.

Walakini nguvu hainunuliwi peke yake. Huja pamoja na uzito. Pikipiki kubwa za namna hii huwa na kilo 300 hadi 400, yaani magunia matatu hadi manne ya mahindi. Nyingi hazina paa wala fremu ya kumkinga mpandaji. Ikipinduka katika mteremko na kumlalia mtu, mtu huyo hawezi kuiinua, na huenda mwenzake wa karibu yu nyuma ya kona. Kwa hiyo mnunuzi hapana budi ajiulize kama anaweza kuutawala uzito huo anapokuwa amechoka, saa ya mwisho ya safari, si asubuhi dukani.

KITI KIREFU

Kosa linalorudiwa kuliko yote hutokana na kiti. Kiti cha pikipiki hizi ni kirefu, na mtu aliyekulia mahali ambapo boda boda hupakia baba, mama na mtoto atadhani kimefanywa hivyo kwa ajili ya abiria. Sivyo. Urefu ule ni wa mpandaji mwenyewe. Apandapo mlima husogea mbele na kuinamia usukani; ateremkapo husogea nyuma; akatapo kona huegemeza mwili upande wa ndani. Mwili wake ni sehemu ya usawa wa chombo. Akipakia mtu nyuma, nafasi ya kusogea imekwisha, na uzito wa abiria umehamia nyuma ya ekseli. Katika mwinuko mkali gurudumu la mbele huinuka, na chombo hurudi kuwaangukia wote wawili.

Wapo watengenezaji wanaouza pikipiki ndefu zaidi, zilizopimwa kwa watu wawili, zenye kiti cha pili na vishikio vyake. Hizo ndizo pekee zinazoruhusiwa kubeba abiria katika njia hizi. Mke na mume wanaotaka kwenda pamoja wachague hizo, au wachague chombo cha kukaa ubavu kwa ubavu, chenye mikanda ya kiti na fremu ya chuma juu ya vichwa.

Na mtoto? Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa huonya kwamba aliye chini ya miaka 16 asiendeshe pikipiki ya watu wazima. Ziko ndogo zilizoandikwa umri wa mtoto anayestahili, zenye mwendo uliozuiwa. Baba anayenunua kubwa moja kwa kusema kwamba mwanawe wa miaka 12 "atakua tu" amenunua hatari ya miaka minne.

Marekani yenyewe ilijifunza kwa machozi. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilileta sokoni chombo cha magurudumu matatu, kikapendwa sana. Kwa kuwa kilipinduka upesi katika kona, ajali zilikuwa nyingi, na mwaka 1988 watengenezaji walipatana na serikali kuacha kuuza vipya vya namna hiyo. Magurudumu manne yakashika nafasi yake.

GIA, SPRINGI NA MATAIRI

Baada ya ukubwa, lifuatalo ni namna nguvu inavyofika kwenye magurudumu. Pikipiki nyingi kubwa hutumia mkanda wa mpira unaojibadilisha wenyewe, bila mpandaji kushughulika na gia. Ni nyepesi kuendesha, lakini mkanda ukilowa huteleza, na ukilazimishwa kupanda mlima polepole katika gia ya juu huungua. Ndiyo sababu huwekwa gia ya chini ya mwendo mdogo, na mwenye busara huitumia kabla ya mlima kuanza. Nyingine, kama Honda Rubicon, hutumia gia za chuma bila mkanda. Ni imara, ingawa huenda zisiwe laini vile. Katika zote mbili mnunuzi aulize kama injini huzuia mwendo katika mteremko, maana breki peke yake hupata moto ikitumiwa njia nzima.

Springi za nyuma zatofautiana pia. Ekseli moja ngumu ni rahisi kutunza na haiyumbi sana chini ya mzigo. Magurudumu yanayopanda na kushuka kila moja peke yake huvuka mawe bila kumtikisa mpandaji mgongo. Kwa safari ya siku nzima katika mawe ya West Virginia, aina hii ya pili humpumzisha mtu. Usukani wenye msaada wa umeme, ulioletwa na Yamaha katika Grizzly 700 ya mwaka 2007, hupunguza uchovu wa mikono, hasa jiwe linapougonga usukani ghafula.

Matairi hujazwa pauni 5 hadi 7 tu za upepo, hali tairi la gari dogo huhitaji kama 30. Ulaini huo hushika tope na mizizi. Katika lami, ulaini ule ule hukifanya chombo kiyumbe kikienda kasi. Kwa hiyo wapandaji wanaoingia Matewan kutafuta chakula na petroli hupita mjini polepole.

KABLA YA KULIPA

Pikipiki mpya huuzwa kwa dola 8,000 hivi, na zilizo kubwa kabisa huzidi 15,000. Fedha hizo ni nyingi kwa kukisia. Katika miji ya njia hizi yako maduka yanayokodisha kwa siku. Mwenye shauri jema hukodi kwanza, akapanda kilima, akateremka, akageuza mahali pembamba.

Akae kitini na kuona kama nyayo zake zakaa bapa juu ya vikanyagio. Azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, bila mkono mmoja kuachia. Vidole vifike kwenye breki bila kujinyoosha. Jambo moja likikataa, chombo hicho si cha mwili wake, hata kikipendeza namna gani.

Kwa iliyotumika, afungue kisanduku cha chujio la hewa. Akikuta tope ndani, injini imekunywa tope. Atikise magurudumu ya mbele kuona kama yana mchezo. Achunguze mipira inayofunika maungio ya ekseli, na chuma cha fremu palipochomelewa.

Watu husema ajali haina kinga. Katika milima ya Hatfield-McCoy kinga ipo, na sehemu yake kubwa hupatikana dukani, kabla ufunguo haujazungushwa: chombo kinacholingana na njia, uzito unaolingana na mikono, na kiti kimoja kwa mtu mmoja. Jioni, misafara inaporudi Matewan na taa zikimulika juu ya reli, kila kiongozi hugeuka nyuma kuhesabu kofia za wenzake. Aliyechagua vema huzikuta kofia zote.