Shahidi wa Betri

Betri ya gari la umeme si pande moja la chuma. Katika Nissan Leaf za awali, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, mlipangwa seli 192 katika jozi 96 zinazofuatana, na zikijaa hukaribia volti 400 kwa pamoja. Nyaya nyembamba huipasha habari kompyuta ya betri kuhusu kila jozi. Kompyuta haina macho mengine ya kuona volti za kila jozi. Ikiambiwa jozi moja imedhoofika, hupunguza nguvu za gari, na mwenyewe hushauriwa anunue betri mpya, kifaa ghali kuliko vyote garini.

Fundi mwenye subira humhoji shahidi kabla ya kumhukumu mshtakiwa. Huwatazama majirani kwanza. Waya mmoja wa kupimia hutumiwa na jozi mbili zinazopakana. Kiungo chake kikiingia kutu, jozi moja huonekana imepungua, tuseme volti 0.2, na jirani yake imezidi kwa kiasi kile kile, huku jumla yao ikibaki ilivyo. Udhaifu wa kweli hauna mizani hiyo. Seli iliyochoka huanguka gari linapopanda mlima, na volti zake hupaa upesi linapochajiwa.

Ndipo huvaa glavu za umeme, akachomoa plagi ya usalama, akangoja dakika kadhaa (kuchomoa plagi hakuziui seli, na ujasiri hapa ni upumbavu mtupu), akapima kwa mita kwenye ncha za seli zenyewe. Mita ikisoma 3.8 pale kompyuta iliposoma 3.6, husafisha kiungo au hubadilisha waya, na betri haing'olewi.