Chakula cha Mchana Katikati ya Barabara

Jumanne, Agosti 19, 1969, nilikula mkate na mayai ya kuchemsha katikati ya barabara mbili za magari. Nilikuwa mwanafunzi mjini Portland, Marekani. Mama mwenye nyumba niliyopanga aliniambia tu, "Mwanangu, chukua blanketi, twende mtoni."

Mto wenyewe, Willamette, ulikuwa haufikiki. Tangu miaka ya arobaini barabara ya Harbor Drive ilikuwa imeuziba ukingo wake katikati ya mji, na sasa kulikuwa na mpango wa kuipanua. Kwetu Utete mtoto huteremka mto Rufiji kuchota maji, kuoga, kuvua. Hawa waliuona mto wao kupitia vioo vya magari.

Waliotuita ni wananchi waliojipa jina la Riverfront for People, yaani ukingo wa mto kwa ajili ya watu. Tulifika watu wazima kama 250 na watoto kama 100, tukavuka tumeshikana mikono. Upepo wa magari ulipeperusha blanketi, mama akavua viatu akaviweka juu ya pembe zake. Ilibidi tupaze sauti hata kuombana chumvi.

Wataalamu walikuwa wamehesabu magari, wakaonya kwamba njia ile ikifungwa mji utakwama. Watoto wasioweza kuyafikia maji hawakuwa kwenye hesabu yoyote. Siku ile tuliwaleta waonekane.

Kwenye mikutano iliyofuata wananchi walikataa upanuzi, wakataka barabara iondolewe kabisa. Gavana Tom McCall, ambaye mwaka 1962 alikuwa ametengeneza filamu ya televisheni kuhusu uchafu wa mto huohuo, aliwasikiliza. Daraja la Fremont lilipofunguliwa mwaka 1973, magari yakapata njia nyingine, na Mei 1974 Harbor Drive ikafungwa. Mji haukukwama. Mahali pake ikatengenezwa bustani, iliyofunguliwa mwaka 1978, na leo ina jina la McCall. Anastahili heshima hiyo, ila mimi nikiipita huwakumbuka kwanza akina mama waliobeba vikapu.

Mara ya mwisho kwenda huko nilikuwa na mvi kichwa kizima, na mama yule alishatangulia mbele ya haki. Ilikuwa kiangazi, jua kali. Kwenye chemchemi ya Salmon Street, hatua chache tu kutoka mtoni, watoto walikuwa wakikimbia ndani ya maji huku nguo zikiwachuruzika. Nilianza kuwahesabu, nikaachia sitini.