Barua kutoka Uingereza: Askari Anapovua Magwanda

Nchini Uingereza, mtu aliyelitumikia jeshi hata siku moja tu kwa mshahara huhesabiwa kuwa askari wa zamani maisha yake yote. Sensa ya 2021 ndiyo iliyouliza swali hilo kwa mara ya kwanza tangu nchi hiyo ianze kuhesabu watu wake mwaka 1801, na majibu yakaonyesha kuwa England na Wales pekee zilikuwa na askari wa zamani milioni 1.85. Zaidi ya nusu walikuwa na miaka 65 au zaidi.

Askari akiwa kazini hutibiwa na madaktari wa jeshi, na faili lake hukaa huko huko. Akistaafu au kuachishwa, huhamia NHS, huduma ya afya ya taifa inayomhudumia kila mkaazi. Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu aliyezoea kuamriwa lini akapimwe meno na lini achomwe sindano sasa hana budi kujitafutia daktari wa mtaani na kujiandikisha. Fomu ya kujiandikisha ina sehemu inayowahusu waliotoka jeshini. Wapo wanaoiruka, hasa vijana na wanawake, kwa kudhani kwamba askari wa zamani ni mzee mwenye nishani kifuani. Ndiyo maana chama cha madaktari wa familia na NHS wakaanzisha utaratibu wa kuvitambua vituo vya afya vinavyojali kundi hili. Kituo kilichotambuliwa hutakiwa kuwauliza wagonjwa kama waliwahi kuwa jeshini, kuweka alama kwenye faili, na kuteua mhudumu anayezifahamu huduma zao. Swali hilo la mapokezini lina uzito zaidi kuliko hospitali kubwa yoyote, kwa sababu asiyejulikana hapelekwi popote.

Majeraha ya akili ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kukubalika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliochanganyikiwa kwa mizinga walidhaniwa kuwa waoga. Zaidi ya askari 300 walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga, na 306 kati yao walisamehewa mwaka 2006 tu, wakati wajane wao walikwisha kuondoka duniani wakiwa na aibu isiyowastahili. Shirika la Combat Stress lilianzishwa mwaka 1919 kuwahudumia waliorudi wakiwa na kiwewe, na mpaka leo linaendelea. Watafiti wa King's College London, waliowafuatilia askari wa vita vya Iraki na Afghanistan, walikuta kwamba kati ya wastaafu waliokuwa mstari wa mbele, asilimia 17 walikuwa na dalili za kiwewe cha vita. Kwa waliofanya kazi za kusaidia, kama madereva na mafundi, ilikuwa asilimia 6. Wengi wanaorudi hawapati kiwewe hicho. Hilo nalo lapaswa kusemwa, maana waajiri wengine humwogopa kila aliyetoka vitani.

Kwa England, mlango wa matibabu hayo ni Op COURAGE, huduma ya NHS iliyounganishwa chini ya jina hilo mwaka 2021. Wales na Uskoti zina huduma zao. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo, kwa kawaida vikao kati ya 8 na 12. Mgonjwa huisimulia siku iliyomwumiza, tena na tena, hatua kwa hatua. Akifika pale moyo unapoenda mbio, mtaalamu humsimamisha amwulize alifikiri nini dakika ile, na sasa anajua nini ambacho wakati ule hakukijua. Aliyekuwa akijilaumu miaka mingi kwa kifo cha mwenzake huweza kuona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba hakuwa na la kufanya. Ni kazi nzito, na wapo wanaoikatisha.

Majeraha ya mwili yamepata njia iliyo wazi zaidi. Walio bado jeshini hutibiwa Stanford Hall karibu na Loughborough, kituo kilichofunguliwa mwaka 2018, ambako aliyekatwa mguu hufundishwa kutembea kwa mguu bandia. Wastaafu wana huduma ya Op RESTORE. Fidia hutegemea tarehe: walioumia kabla ya tarehe 6 Aprili 2005 wako chini ya pensheni ya vita, waliofuata wana mfuko mwingine.

Familia ndiyo iliyoachwa nyuma. Shirika la SSAFA limewasaidia wake, waume na watoto wa askari tangu 1885, na Scotty's Little Soldiers huwasaidia watoto waliofiwa na mzazi aliyekuwa jeshini. Lakini mke anayelala chumba kingine kwa sababu mumewe huamka usiku akipiga ngumi bado huchukuliwa kama msindikizaji wa mgonjwa, wakati naye anahitaji kutibiwa. Sheria ya 2021 inazitaka shule, halmashauri na taasisi za afya kuzingatia mahitaji ya askari na jamaa zao. Kuzingatia ni neno jepesi mno kwa mzigo huo.

Mambo haya yanawagusa Waafrika Mashariki moja kwa moja. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walipigana hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na malipo yao ya kuagwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata pungufu kabisa. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kuwasaidia maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola wapate angalau milo miwili kwa siku. Msaada huo ulikuja zaidi ya miaka 70 baada ya vita, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Leo jeshi la Uingereza bado huandikisha vijana kutoka nchi za Jumuiya hiyo, Kenya ikiwemo. Mwaka 2022, aliyetumikia miaka 6 au zaidi alisamehewa ada ya kuomba ukaazi wa kudumu, lakini msamaha huo ulipoanza haukumgusa mwenzi wala watoto.

Ndugu walioko nyumbani wanaomsikia kijana wao kwenye simu akisema halali usiku, au waliokwisha kuona amekata mawasiliano, wamwambie mwenziwe aliye England kwamba Op COURAGE hupokea simu ya jamaa anayeomba msaada kwa niaba ya askari, na kwamba haijalishi alitoka jeshini mwaka gani.